Ushauri kutoka Murera

Dorine alifika nyumbani Kimbo saa moja asubuhi, ametoka zamu ya usiku katika kiwanda cha nyuzi kule Thika. Miguu ilikuwa imevimba, na mngurumo wa mashine ulikuwa bado masikioni. Alijitupa kitandani na sare yake. Hapo hapo simu ikalia.

Ni binti yake Mitchell, anayesomea kilimo Taiwan. Huko ilikuwa saa sita mchana, na tufani waliyoonywa kwa siku tatu ilikuwa imewashukia tangu alfajiri.

"Mama, unasikia?"

Kitu kilikuwa kikipiga mluzi dirishani mwa hosteli.

"Nasikia. Umekula?"

"Mama! Miti inang'oka na wewe unauliza chakula?"

"Sasa niulize nini? Miti?"

Mitchell akacheka. Kisha mluzi ukakatika.

"Eh! Imeisha. Ghafla tu. Hata jua naliona."

"Basi toka upesi. Si osuga zako bado ziko juu ya paa?"

Hizo zilikuwa mboga za mnavu za mtihani wake, alizopanda kwa mbegu ambazo Dorine mwenyewe alizikausha na kumtumia.

"Sawa, Mama. Napanda sasa hivi." Simu ikakatika.

Dorine aliamini anaujua upepo. Mwaka juzi kisulisuli kikubwa kilishuka Murera kwa kaka yake Ouma. Kilipita chembamba kama barabara, kikabeba paa la jikoni na kuacha choo cha pembeni kimesimama. Dakika tano, kwisha. Waliokimbia nje kwanza walipata mabati yao. Ouma alichelewa, na mpaka leo akipita kwa jirani huyasalimia mabati yake juu ya banda la kuku.

Alitoka kunawa uso. Uani alimkuta jirani yake Ephantus, ambaye kila asubuhi ya mvua hupima maji yaliyoingia katika mkebe wake na kuyaandika daftarini.

"Mama Mitchell, msichana anaendeleaje? Nimesikia redioni."

"Imepita, Baba Maina. Imetulia ghafla, na jua likatoka. Nimemwambia apande juu akatoe mboga."

Ephantus aliweka mkebe chini. "Ghafla?"

"Ghafla."

"Mpigie. Mwambie arudi ndani."

Dorine alipiga. Hakupatikana. Akapiga tena.

"Kile cha Murera kilizaliwa na wingu moja la radi," Ephantus alisema, kwa haraka ambayo haikuwa kawaida yake. "Hewa ya joto inapanda, upepo wa juu na wa chini unaivuta huku na huku, inajisokota mpaka inagusa ardhi. Kikipita kimepita. Hii imezaliwa baharini. Maji ya vuguvugu yanapanda kama mvuke, hewa ya pembeni inakimbilia kujaza nafasi, na mzunguko wa dunia unaizungusha siku baada ya siku, mpaka inakuwa pana kama kutoka hapa hadi Kisumu. Katikati yake kuna mahali pasipo na upepo. Wanapaita jicho. Mitchell yuko ndani ya jicho. Nusu nyingine inakuja, na itapiga kutoka upande wa pili."

"Baada ya muda gani?"

"Pengine nusu saa. Pengine dakika kumi. Sijui."

Dorine aliketi kwenye ngazi ya mlango, akabonyeza jina lile lile mara ya nane, ya tisa.

"Mimi ndiye niliyemtuma."

"Hukujua," Ephantus alisema. "Nisingesoma, ningesema hivyo hivyo."

Saa mbili kasorobo simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Mitchell kulikuwa na ngurumo kama ya lori lisilomaliza kupita.

"Uko wapi?"

"Kwa ngazi, ndani. Mlinzi alikataa kufungua mlango wa juu. Tumegombana! Nikamwambia mama yangu amesema. Akajibu, basi mama yako aje afungue mwenyewe." Akavuta pumzi. "Kisha upepo ukarudi. Osuga zimeenda, Mama."

Dorine alifunika uso kwa kiganja.

"Unalia?"

"Nimechoka tu. Sikiliza. Mambo ya huko usiniulize mimi. Uliza watu wa huko."

"Lakini sikukuuliza," Mitchell alisema polepole. "Wewe ulisema."

Dorine alijifuta macho kwa mkono wa sare.

"Basi nikisema tena," alisema, "usinisikie."