Kashata Isiyoonja Maji

Kidawa aliolewa Chole zama za Mdachi, akitokea Jibondo, kisiwa ambacho maji ya kunywa huletwa kwa mashua. Kwa miezi miwili wifi yake Mwatima hakumpa nafasi ya kupumua. Akioga kwa kata mbili, Mwatima hucheka. Akiosha mchele kwa maji kiduchu, Mwatima huita majirani waje waone.

“Mwenzenu anadhani kisima chetu nacho kina nahodha!”

Kidawa alivumilia, kwa kuwa alikuwa akitaka kitu kimoja tu: ufunguo wa ghala. Katika nyumba ya mama mkwe wake, Bi Zuleikha, mkaza mwana hukabidhiwa ufunguo siku ya Maulidi, baada ya kupika kashata ya karanga na pilipili ikavunjika kwa mchi mbele ya wanawake. Ikipinda, basi atakaa mwaka mwingine chini ya wifi, akiomba hata chumvi. Mwaka mzima wa Mwatima!

Siku tatu kabla, alijaribu kwa njia ya nyumba ile: sukari, maji tele, chemsha, tia karanga. Kashata ikatoka teketeke kama ulimbo. Mzee Shamte, kaka yake Bi Zuleikha, aliuma kipande kimoja akashindwa hata kuitikia shikamoo ya wajukuu. Mwatima alicheka mpaka akakaa chini. Kidawa alilia, tena kwa hasira, kisha akajiuliza: maji yote yale ya nini? Mama yake kule Jibondo hakuwahi kutia hata tone la maji ya mashua kwenye sukari. Yeye ameyaacha ya kwao kwa kuogopa kuchekwa, na bado amechekwa.

Siku ya Maulidi jiko lilijaa wanawake. Kidawa akateleka chungu juu ya makaa machache, akamimina sukari kavu.

“Maji, wifi! Umesahau maji!” Mwatima akaja mbio na kata mkononi.

Kidawa akakinga chungu kwa kiganja. “Irudishe mtungini, wifi. Hii hainywi.”

Wanawake wakatazamana. Sukari ikaanza kuyeyuka pembeni, ikatoa moshi mwembamba.

“Anaiunguza, jamani! Sukari ya dukani!” Mwatima akapiga kelele.

Bi Zuleikha akainuka, ufunguo ukining'inia kwenye pindo la kanga yake. Kidawa aliogopa, la kuficha hakuna. Makaa yakizidi kidogo tu, yote yatakuwa machungu. Lakini mwiko haukusita. Sukari ikalainika yote, ikashika rangi ya asali. Akakamua ndimu, akatia tangawizi, pilipili iliyotwangwa na karanga zilizokaangwa, akaimwaga juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta ya nazi, akaisawazisha kwa mchi.

Ilipopoa, Bi Zuleikha akautwaa mchi mwenyewe.

Pa!

Vipande viliruka huku na huku, kimoja kikamwangukia Mwatima mapajani. Vigelegele vikapaa mpaka wanaume barazani wakauliza kuna nini.

Bi Zuleikha akatafuna. Kashata ikalia kwenye meno yake machache. Kisha pilipili ikafika. Machozi yakamlengalenga, akakohoa, akanyoosha mkono hewani.

“Maji! Mwatima, kata hiyo!”

Alikunywa yote, akavuta pumzi, akachukua kipande cha pili.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alisema. “Miaka yote hii tumekuwa tukila ulimbo.” Akafungua pindo, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Kidawa. Kilikuwa na sukari bado. Ufunguo ukanata palepale. Kidawa akacheka kwa sauti, kicheko chake cha kwanza katika nyumba ile.

Jioni Mwatima alisimama mlangoni pa ghala na kibaba kitupu.

“Wifi,” alisema, akitazama chini, “naomba chumvi.”

Kidawa, mtoto wa Jibondo aliyezoea kupima kila kitu, akafungua ghala, akamjazia kibaba mpaka chumvi ikamwagika.