Tone Ndani ya Ndoo

Mti wa ngobyi ya kumbebea mgonjwa ulinikalia begani kama mfupa wa pili. Kila kaka yangu Ildefonce alipokanyaga tope mbele yangu, ulinyanyuka kidogo, kisha ukarudi palepale palipokwisha kuchubuka. Nyuma ya sikio langu nilimsikia mkewe, Clotilda, akivuta pumzi, akiizuia, akiiachia.

"Leta bega!" Abeli, jirani yetu, aliita. Kabla sijajibu alikuwa keshaingia chini ya mti, nami nikajikuta kando ya njia, mwepesi, nimejaa aibu. Nilikuwa nimebeba kutoka mgomba mmoja hadi mwingine tu.

"Msomi, hilo bega lako ni la kubebea kalamu," alisema bila kugeuka. Wenzake wakacheka kwa pumzi walizobakiza.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi, hapa Bugarama. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya Kiingereza, nasubiri ajira, na moyoni nilikuwa na hakika kwamba dunia inanisubiri mimi niitengeneze. Shemeji yangu alishikwa na uchungu jioni. Kulipokucha damu ilikuwa inamtoka, na mvua ilikuwa imebomoa daraja. Gari la wagonjwa lilisubiri barabarani, upande wa pili wa mlima. Tukamlaza kwenye ngobyi, ile machela iliyosukwa kama kikapu kirefu, inayobebwa na watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Kwa kawaida hujitokeza kijiji kizima, watu wakapokezana mabega mpaka mgonjwa afike. Siku ile wanaume wengi walikuwa wamekwenda msibani mbali. Tulikuwa wachache, na mlima ulikuwa uleule.

Kando yetu alitembea Fiona, muuguzi wa kujitolea kutoka Uingereza, mkono mmoja juu ameshika dripu. Nilimuuliza kwa lugha yake kama ile dripu ingetosha kumfikisha. Aliitazama, akautazama na mkeka wa ngobyi uliolowa damu.

"Ni tone ndani ya ndoo," alisema kwa Kiingereza.

Nilimwogopea shemeji. Hata hivyo masikio yalinisimama kama ya mbuzi. Miaka yote ile chuoni sikuwahi kukutana na msemo huo. Nikamuuliza maana yake, naye akanieleza huku akihema: ni kitu kidogo mno, kiasi kwamba ukikiongeza au ukikiacha hakuna kinachobadilika.

"Anasemaje huyo?" Ildefonce aliuliza kutoka mbele.

Niliitazama shingo ya kaka yangu, jinsi mishipa ilivyomsimama. "Anasema twende haraka."

"Maneno yote yale ni 'twende haraka' tu?" Abeli akadakia. "Kiingereza kina hasara!"

Basi nikawafundisha ule msemo, bila kuwaambia ulisemwa juu ya nini.

"Hiyo ndoo ina maji au ni tupu?" mmoja akauliza.

"Haisemwi."

"Sasa watajuaje kwamba tone ni dogo? Kama ni tupu, tone ndiyo maji yote yaliyopo."

"Na kama imejaa pomoni," alisema Abeli, "tone ndilo litakaloimwaga."

"Wenzetu ndoo zao kubwa, bwana."

Sauti ya Clotilda ikatoka ndani ya ngobyi, nyembamba lakini kali: "Mkishamaliza hiyo ndoo yenu, mnipeleke hospitali."

Siku hizi nafundisha sekondari. Nikifika kwenye misemo, huo huuandika ubaoni, kisha nakaa na kusikiliza. Hakuna darasa ambalo halijauliza kuhusu ile ndoo.

Chini ya mwinuko wa mwisho hapakuwa na vicheko tena. Udongo mwekundu ulikuwa umegeuka sabuni. Abeli aliteleza, ngobyi ikainama, tukaiteremsha chini. Ildefonce alimwita mkewe. Hakuitika. Fiona alimshika kifundo cha mkono, akanitazama. Ildefonce alijaribu kunyanyua peke yake, akapiga magoti kwenye tope.

Ndipo tuliposikia kengele za ng'ombe. Mtu mrefu mwenye kofia alikuwa anateremka na kundi lake, hana msaidizi.

"Mwangaluka," alitusalimu kwa Kisukuma, kisha akaiona ngobyi. "Mimi Maduhu, wa Nyantakara. Naenda mnadani."

Kwetu aliyekutana na ngobyi hapiti bila kuweka bega, hata kwa hatua chache. Yeye hakuwa mtu wa kwetu. Pembeni palikuwa na shamba la migomba lisilo na uzio, na ng'ombe walikuwa wameanza kulinusa. Aliwatazama. Akamtazama Clotilda. Akaichomeka fimbo yake kwenye tope, akavua kofia na kuingia chini ya mti.

Alibeba kutoka pale hadi kona ya juu, basi. Ni mwendo ambao mtoto angeumaliza kwa pumzi moja. Pale kona alisema, "Ng'ombe wangu, jamani," akatimka mbio kurudi chini. Lakini kutoka kona hiyo tuliliona paa la gari. Nikashika nafasi yake, na mara hii hakuna aliyeniita nilete bega.

Ildefonce na Fiona waliondoka na gari. Sisi tulikaa kileleni, penye mtandao, simu yangu ikiwa juu ya jiwe, kila mtu akiitazama kana kwamba ni moto wa kuota. Ilipoita, jua lilikuwa limeshapita utosi.

Tuliteremka na ngobyi tupu. Shambani tulimkuta mwenye migomba, Mama Bonifasia, panga mkononi. Maduhu, aliyekuwa amemsubiri badala ya kuendelea na safari, alisimama mbele yake, kofia kifuani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Hawa ng'ombe mnawafahamu?"

"Ni wa huyu. Aliwaacha ili atusaidie. Uharibifu wenyewe ni mdogo, ma—"

"Mdogo?" Alininyooshea mgomba mchanga uliotafunwa mpaka moyo. "Ulipanda wewe? Ulipalilia wewe?"



"Kosa ni langu, mama," Maduhu alisema.

Mama Bonifasia alikuwa anaitazama ngobyi. "Mlimbeba nani?"

"Clotilda, wa Ildefonce."

"Enhe?"

"Mtoto wa kike. Na mama yake amezinduka, ameomba uji."

Mama Bonifasia akainama, akaukata ule mgomba ulioliwa, akaukung'uta tope, akamsogezea ng'ombe aliyekuwa karibu.

"Ameshauonja," alisema. "Amalizie."