Sauti Iliyobaki Masimba

Jumapili hiyo Bochaberi alifika mapema akafagia chumba cha watoto cha kanisa la Kisabato pale Masimba. Kesi ilikuwa yake na mfagio ulikuwa wa kanisa, lakini hakutaka ije isemwe kwamba alishindwa kwa sababu ya vumbi. Madam Apondi, mpatanishi aliyetumwa na korti, akaingia na chupa yake ya chai na kuvipanga viti kwa mduara. Mzee Nyamweya wa kanisa aliuzunguka mduara ule mara mbili, kisha akauliza mkosaji ataketi upande gani.

Madam Apondi alikuwa mtu wa upande wa ziwa, kwa hiyo ilibidi watu waache Ekegusii, lugha yao, mlangoni pamoja na matope ya viatu.

Shida ilikuwa hivi. Nyabuto, mume wa Bochaberi, alizikwa shambani kwake, kando ya migomba, mahali alipoonyesha mwenyewe kwa kidole akiwa mgonjwa. Sasa kaburi lilikuwa ndani ya majani chai ya Onyancha, kaka yake mkubwa. Kaburi halikuwa limetembea. Jiwe la mpaka, alilolisimika babu yao, ndilo lililoonekana kuwa na miguu. Bochaberi alitaka kitu kimoja tu: jiwe lirudi, ili naye siku yake ikifika alazwe kando ya mumewe, katika udongo wao.

Madam Apondi alieleza sheria ya upatanisho. Litakalosemwa ndani ya chumba hiki litabaki humu, wala jaji hatapelekewa. Wote wakaitikia kwa kichwa. Kisha akazungumza na kila mmoja peke yake. Bochaberi alisema yake, akalia kidogo, akatoka. Onyancha alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa mwepesi kama gunia lililomwagwa, akauliza kama chai imebaki.

Mapatano yakaandikwa. Jiwe libaki lilipo. Bochaberi awe na nyumba yake na migomba yake, na awe huru kuzuru kaburi, mradi abishe hodi kwanza kwa mwenye shamba. Hakuwa na shahidi. Babu alikuwa amekufa, Nyabuto ndiye huyo aliyezikwa, na Onyancha alikuwa ameshasema kwamba kesi ikirudi kortini ataivuta mpaka wajukuu waikute. Bochaberi akatia sahihi. Madam Apondi alipokea kalamu bila kumtazama. Wakala ugali wa wimbi kutoka sahani moja, na neno likiliwa hivyo halitapikwi tena.

Sabato iliyofuata watoto walimaliza wimbo wa kwanza, na waliponyamaza, sauti ya Onyancha ikasikika karibu na dirisha. Onyancha mwenyewe alikuwa katika kanisa kubwa na wazima wenzake, akisinzia. Sauti ilisema taratibu, kama mtu anayemwonyesha daktari panapouma:

"Ndiyo, madam. Nililihamisha siku ya mazishi, watu wakila. Udongo wote ulikuwa umefukuliwa. Nani angejua upi ni wa kaburi na upi ni wa jiwe? Nikanawa mikono, nikarudi kwa foleni ya chakula."

Ikakohoa, ikaanza tena. Mwalimu wao, Gladys, aliwahamishia watoto pembe ya pili akawafundisha habari za Nuhu.

Walifungua madirisha itoke, haikutoka. Ilitii sheria kuliko mtu yeyote aliyekuwemo siku ile. Ukivuka kizingiti, husikii kitu. Mtu mmoja aliinasa kwa simu, lakini alipofika nje simu ilikuwa na mlio wa kuku tu. Kwenye kamati kuna waliotaka ikemewe kwa maombi ya kufunga. Mzee Nyamweya akakataa. Alisema sauti ile imeungama mara nyingi kuliko washiriki wote wakijumlishwa, na kasoro yake ni moja tu, haijabatizwa.

Bochaberi akapanda gari mpaka Kisii mjini, ofisini kwa madam Apondi. Alipoeleza, madam aliinuka akafunga mlango.

"Mama, hayo niliyasikia kabla yako. Tangu siku hiyo silali vizuri."

"Basi mwambie jaji."

"Siwezi. Na ukimwambia wewe, akaniita, nitasema siwezi kujibu."

Akammiminia chai. Ilikuwa tamu sana, chai ya mtu mwenye deni asiloweza kulilipa kwa namna nyingine. Akamweleza kwamba yale mapatano yamekwisha kuwa amri ya korti.

Ikabaki kumwita Onyancha mwenyewe. Alikuja bila kinyongo. Tangu ule upatanisho alikuwa amekuwa mtu mwema: alikoroma usiku, alinenepa, alisalimia hata watoto. Aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kifuani, akasikiliza mpaka kwenye foleni ya chakula. Machozi yakamlengalenga.

"Huyu mtu amefanya ubaya," alisema. "Ni wa wapi?"

"Ni wewe, shemeji."

Onyancha alimtazama kwa huruma, vile watu humtazama mjane anayeanza kuchanganyikiwa.

"Mimi? Siku ya kumzika ndugu yangu? Hapana. Lakini tumwombee."

Akaiombea sauti ile maombi marefu na mazuri. Hakuwa anadanganya. Alichokiacha chumbani hakikuwa tena ndani yake.

Siku hizi, jua likianza kushuka, Bochaberi huenda pale na beseni lake la maharagwe akayaambua. Katika ukoo wote alikoolewa, sauti hiyo ndiyo peke yake inayomwambia ukweli, na ukweli haukatai kukaa na mtu mwenye kazi mkononi. Ikikohoa, yeye husema, "Endelea, shemeji," nayo huendelea. Giza likikaribia anafunga mlango, anamrudishia Mzee Nyamweya ufunguo, anashika njia ya nyumbani. Kwa Onyancha anasimama langoni, anabisha.

Onyancha hutoka na sweta lake, uso umenawiri.

"Naomba kumwona mume wangu, shemeji."

"Pita tu, shemeji," husema, akimfungulia kwa mikono miwili. "Ila usinikanyagie chai."