Kinanda Kilichoshuka Mlimani

"Hajazaliwa wa kuninasa," alisema Gervas Ijumaa ile mchana, kaegemea mlango wa ukumbi kama aliyeujenga yeye. "Walimu wa nidhamu walishindwa, mgambo wa soko wameshindwa. Mpango wangu mimi haujawahi kuvuja hata tone."

Shakila alikuwa kapiga magoti jukwaani, anaunganisha nyaya za gitaa lake. Hakuinua kichwa. "Utaniambia kesho tukishashuka hapa."

"Kesho utashuka wewe. Mimi nitakuwa bado niko angani."

Kesho ndiyo ilikuwa siku yao. Bendi ya Kimondo, watu watatu tu, walikuwa wapige roki ya anga kwa mara ya kwanza mbele ya watu waliokata tiketi. Muziki wenyewe ni ule ambao gitaa linavutwa mpaka linalia kama chombo kinachopotea mawinguni, wimbo mmoja unakwenda robo saa bila neno, na anayeusikia mara ya kwanza hudhani redio imepoteza stesheni. Mwaka mzima Morogoro iliwacheka. Sasa wamepata ukumbi, na Shakila kabandika matangazo kutoka Msamvu mpaka Kihonda: milima ya Uluguru imevishwa pete kama sayari ya Zohali. Viti sitini, na vyote sitini vina wenyewe.

Ukumbi wenyewe uliitwa Sebuleni, na kweli ulikuwa kama sebule ya mtu mwenye ndugu wengi. Ulikuwa nyuma ya mgahawa wa Madam Joyce, mama wa Gairo asiyecheka ovyo. Madam alikuwa na sharti moja tu. Mwaka jana, bendi fulani ikiwa katikati ya wimbo, aliingia mwenye spika na vijana wawili, akachomoa nyaya, akabeba vitu vyake, wateja wakabaki wanatazamana. Tangu siku hiyo hakuna chombo kinachopanda jukwaani kwake kabla mwenyewe hajasema kwa kinywa chake kwamba kakitoa.

Madam akatoka jikoni anajifuta mikono. "Mama wa karoti kachelewa leo, sijui nitapika nini kesho," alinung'unika, kisha akasimama mbele ya kinanda. "Gitaa la Shakila nalijua. Ngoma za Mosi nazijua. Hiki je?"

Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, cha mbao nyeusi, kinachokunjika kama sanduku. Wamisionari walikipandisha mlimani zamani hizo, na ndicho kilichoipa Kimondo sauti yao. Kabla ya kila noti kilivuta pumzi kama mzee anayeinuka kitini, na noti yake ya sol ilikuwa na mlio wa mwanambuzi aliyekosa ziwa. Shakila akiupitisha mlio huo kwenye kisanduku chake cha mwangwi, mtu anasisimkwa mwili mzima. Bila kinanda, Kimondo ilikuwa gitaa na ngoma tu, kama bendi yoyote ya harusi.

"Hicho cha kigango chetu, Madam," Gervas alisema bila kupepesa. "Padri mwenyewe kanikabidhi kwa mikono yake miwili. Hata baraka kakipa."

"Vizuri. Nipe namba yake."

Ukweli ni kwamba Jumanne alipanda kijijini kwao, juu kabisa ya Mlali, akamwambia Mama Prisca, mwenyekiti wa kwaya, kwamba Kihonda kuna fundi bingwa wa kuziba viriba vya upepo vya vinanda. Jumamosi jioni kitakuwa kimerudi, hakivuji tena. Mama Prisca akamfungulia stoo, akampa na blanketi la kukifungia kisikwaruzwe kwenye bodaboda. Padri hakuwa na habari yoyote.

"Namba ninayo," Gervas alisema. "Ila saa hizi yuko mezani, Madam. Tumpe dakika kumi ameze."

"Kumi. Baada ya hapo, asipopatikana, nafuta shoo na watu wanarudishiwa tiketi zao. Siwezi kuaibishwa mara mbili."

Shakila aliacha nyaya. Akamtazama Gervas, mara hii sawasawa. "Gervas. Sema kama kuna kitu."

"Kuna padri anakula ugali, basi."

Akatoka mbio. Getini akamgonga Mosi, mpiga ngoma wao, ndiyo kwanza anatoka msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Gervas akamvuta nyuma ya tangi la maji na kumweleza yote kwa pumzi moja.

"Wewe una wazimu," Mosi alisema. "Natoka kwenye swala ya Ijumaa saa hii hii, unataka nikawe padri?"

"Sikwambii useme wewe ni padri. Yeye atakuita, wewe utaitika. Kuitika ni dhambi?"

"Gervas!"

"Mosi, kaka, dakika saba zimebaki. Chekechea ulisoma kwa masista, salamu zao unazijua kuliko mimi. Tena kanzu unayo tayari."

"Simu haioni kanzu, mjinga wewe." Lakini alikuwa keshatoa mfukoni kitochi, simu yake ndogo ya laini ya pili. Mwaka mzima wa kuchekwa ulikuwa wake pia. "Nikiungua, naungua na wewe."

Gervas akarudi ndani, akaitaja namba. Madam Joyce akapiga, akaweka sauti ya nje, simu akaiegemeza kwenye chupa ya maji. Ikaita mara moja. Ikaita mara mbili. Mara ya tatu Gervas alianza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Madam.

Kimya. Kimya kirefu kama cha mtu anayetafuta funguo gizani.

"Milele na milele, amina," ilijibu sauti, nzito, yenye kikohozi cha mzee.

Gervas akashusha pumzi mpaka kwenye visigino.

"Shikamoo, Baba. Naitwa Joyce, nina ukumbi hapa mjini. Huyu kijana Gervas ana kinanda cha kigango. Umempa wewe?"

"Marahaba, binti. Nimempa. Akitunze."

"Na misa ya keshokutwa mtaimbia nini?"

Kikohozi tena. "Tutapiga makofi, binti. Mungu anasikia makofi."

Madam alikuwa anaanza kutabasamu, ndipo barabarani likapita toroli la wanunuzi wa chuma, kipaza sauti chake kinabweka: "Tunanunua betri mbovu, friji mbovu, majiko mabovu!" Sauti ikaingia dirishani. Na nusu sekunde baadaye ikatoka kwenye simu, ile ile: betri mbovu, friji mbovu.

Gervas alifika dirishani kwa hatua mbili akalifunga. Madam alilitazama dirisha, akaitazama simu.

"Baba, hata huko mlimani wamefika hawa?"

"Wanafika kila mahali, Madam," Gervas aliwahi kujibu. "Juzi walitaka kununua kengele ya kanisa."

"Nimemuuliza Baba."

"Wamefika," simu ilisema haraka. "Wanatusumbua sana. Haya, mbarikiwe." Ikakatwa.

Madam Joyce akakaa anaitafakari ile simu. Nje, mlio wa betri mbovu ulikuwa unafifia polepole kuelekea sokoni. Mwisho akainuka. "Haya. Sauti ya mtu mzima, siwezi kuibishia. Washeni, nisikie mnachokwenda kuwafanyia watu wangu. Na simu zizimwe zote, hizi spika zangu zinanasa kila mtandao, zinatetema kama zina homa."

Mosi aliingia baada ya dakika tano kwa mlango wa mbele, kama aliyefika sasa hivi. Akasalimia, akaizima simu yake kubwa mbele ya Madam, akaketi nyuma ya ngoma na kanzu yake. Gervas akamkonyeza. Mosi hakukonyeza.

Wakaanza. Shakila alivuta uzi mmoja na kuuacha uning'inie. Mosi akagusa ngoma kubwa taratibu, kama moyo wa mtu aliyelala. Gervas akakanyaga, kinanda kikavuta pumzi, na sauti ikapanda, ikajaza viti sitini vitupu, ikarudi na mwangwi, ikapanda tena. Madam Joyce alifumba macho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Gervas alisahau uongo wake. Kesho itakuwa hivi, alijiambia, na watu watakuwa wamejaa. Akakipeleka kidole kwenye sol, mwanambuzi akalia, Shakila akamdaka na kumrusha juu, juu zaidi.

Jikoni sufuria likaanguka.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Alisimama pale mwanamke wa makamo, khanga kiunoni, viatu vina tope jekundu la mlimani, kikapu cha karoti mkononi. Mguu wa Gervas uliganda juu ya kanyagio. Kinanda kikaishiwa upepo, kikakata roho katikati ya noti.

"Endelea, mwanangu," alisema Mama Prisca. "Kumbe mlio huu sikuota. Miaka ishirini naimba nyuma ya sauti hii, hata kwenye gunia ningeijua."

"Shikamoo, mama," Gervas alisema. Sauti ilitoka ya mtoto wa darasa la pili.

"Marahaba. Ndiyo hapa Kihonda? Na mafundi naona wamekuwa watatu, mmoja ana gitaa. Viriba vimezibwa?"

Madam Joyce alifumbua macho yote. "Mama wa karoti, unakijua kinanda hiki?"

"Funguo ya stoo yake ninayo mimi." Akaitoa ilikofungwa kwenye pindo la khanga, akaionyesha. "Kijana kanambia anakipeleka kwa fundi."

"Padri si ndiye aliyempa?"

"Padri gani?"

"Padri wenu. Nimezungumza naye sasa hivi, hata nusu saa haijaisha."

Mama Prisca akaweka kikapu chini polepole, karoti moja ikabiringika mpaka kwenye mguu wa Shakila. "Madam, Baba Paroko yuko Dodoma kwenye mafungo tangu Jumatatu. Simu wanazikabidhi mlangoni wakiingia. Mpaka kesho jioni haongei na mtu, hata Askofu akipiga."

Shakila alilivua gitaa shingoni. "Gervas," alisema.

"Kuna mapadri wengi, Madam," Gervas alianza. "Huyu mwingine ni yule msaidizi, yule ambaye..."

"Nyamaza." Madam Joyce alikuwa keshashika simu. Alibonyeza namba ile ile na kuiweka sikioni. "Tutamuuliza mwenyewe yeye ni yupi."

Gervas aligeuka kumtazama Mosi. Mosi alikuwa anapapasa kanzu yake, mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, uso umempauka. Simu kubwa aliizima. Kitochi hakukizima.

Hakikuwahi hata kuita. Ilitangulia spika iliyokuwa karibu na ngoma: *tiki-tiki-tiii, tiki-tiki-tiii,* ikitetema kama ina homa, na kisanduku cha Shakila, ambacho hakuna aliyekizima, kikaudaka mlio ule na kuurusha ukumbi mzima, tiki-tiki-tiii, mara kumi, mara ishirini, kama sayari nzima inapiga simu. Kisha kanzu ya Mosi ikaanza kuimba.

Madam Joyce alishusha simu yake taratibu. Mama Prisca alimpita Gervas bila kumtazama, akaenda mpaka mbele ya ngoma, akakunja goti kidogo kwa adabu zote za mlimani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padri," alisema.