Gauni Lililogoma Kuvaliwa

Vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga wa dirishani, jeupe, jepesi, halina haraka na mtu. Likatua juu ya cherehani, likatua juu ya mkasi, likatua juu ya kompyuta ambayo mjomba aliiazimisha mpaka kesho. Fundi akalifuta kwa kiganja. Likarudi.

Ni rahisi tu, alisema kijana wa kwenye video ya mafunzo. Fungua folda ya gemu, tafuta picha ya nguo, weka ya kwako mahali pake. Rahisi tu. Rahisi kwa nani?

Ndani ya gemu alikuwemo mwanamke anayetembea sokoni na kikapu. Fundi alitaka kumvika gauni la mama, lile la bluu lenye maua ya manjano. Gauni lenyewe lilikuwa limeoza kabatini, ukiligusa linachanika. Mama alifariki mdogo wake fundi akiwa hajaanza shule, na juzi, katikati ya kula, mtoto aliuliza, "Dada, hivi mama alikuwaje?" Fundi akarudisha tonge sahanini. Tangu hapo hakutulia. Amwone, basi. Amwone mama anatembea, kabla hajamsahau kabisa.

Lakini jana gauni lilitoka jeusi tii. Leo asubuhi gemu ilifumbua jicho, ikafumba, ikazima. Akaanza upya. Mchana mwanamke akatokea kichwa na kikapu, katikati hewa tupu. Akaanza upya. Macho yanawasha, shingo imekakamaa, nguo za wateja zimelala kikapuni zinamsuta.

Mjomba mchomeleaji akachungulia mlangoni, miwani ya kazi kwenye paji la uso. "Umeshalivalisha hilo bati langu?"

"Hata shikamoo hujaingoja, mjomba."

"Nimekuja kuijulia hali kompyuta yangu. Kesho naondoka nayo, ivae isivae."

Rahisi tu.

Akaitazama tena ile picha ya nguo. Imelazwa bapa: mbele peke yake, mgongo peke yake, mikono pembeni, kama vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Hapo moyo ukamtulia. Hii naijua, akasema. Akapanga picha za gauni la mama, alizozipiga kwa simu, kipande kwa kipande, na kila kipande akakiachia pembeni akiba ya kukunjia mshono ndani, nyeupe, upana wa kidole, kama alivyofundishwa.

Gauni likatokea. Bluu ile ile, maua yale yale. Na michirizi myeupe, mbavuni, mabegani, kwapani.

Mdogo wake akasogea. "Dada, kwani mama alikuwa pundamilia?"

Fundi hakucheka. Huku ndani ya gemu hakuna uzi wa kuimeza akiba. Huku vipande hukutana ncha kwa ncha, na alichokiacha ndani kimetoka nje kumcheka. Akavuta rangi ya kila kipande mpaka ukingoni, upya, huku akilaani kimya kimya: kijana wa kwenye video, mjomba, vidole vyake mwenyewe.

Jioni gauni likakaa. Likakaa kweli. Mwanamke akapita sokoni amelivaa, pindo linacheza, na fundi akashusha pumzi iliyomkaa kifuani tangu jana.

Mtoto akainamisha kichwa upande. "Sio hivyo."

"Sio hivyo nini tena?"

"Mama hatembei hivyo."

Kubadili mwendo ni somo lingine. Hilo kijana wa kwenye video hakusema ni rahisi.

"Basi alitembeaje?" Sauti ilimtoka kali, sauti ya mkasi.

Mtoto akashuka kwenye stuli. Akashika kiuno. Akakatiza chumba polepole, mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unaburuzwa nyuma, mzito, kama wa mtu aliyesimama kutwa nzima. Mguu ule wa mama. Fundi alikuwa ameshausahau.

Nyuma yake, kwenye chaki iliyotanda sakafuni, mguu wa kushoto uliacha mchirizi mrefu, na vumbi lake likainuka ndani ya mwanga, likapanda taratibu, likasimama kimo cha mtu mzima.