Boksi la Njiti Mbichi

Kuna watu hupenda kitu mpaka kikawafia mikononi, na Royce Pickett alikuwa mmoja wao. Kila Alhamisi jioni watu sita wa Launceston walikusanyika katika gereji yake, wakakaa kwenye viti vya kuokoteza, jiko la kuni likinguruma pembeni, wakasikiliza muziki ambao mji mzima haukuwa na habari nao. Mwenye zamu alileta santuri, jalada limefungwa kwa taulo la vyombo ili mtu asihukumu kwa macho, akaiweka, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka sindano inyanyuke. Hapo taulo lilifunguliwa na ubishi ukaanza.

Merrin Coad, mhudumu wa duka la dawa, alikaribishwa pale mwaka ule mumewe alipoondoka na mbwa na sofa nzuri. Tuan Vo, mpeleka barua wa mtaa wake, alimsikia siku moja jikoni akiimba wimbo wa bendi ya walimu wa Suva, waliorekodi kanda moja tu maishani mwao. Akagonga dirisha. "Wewe una ugonjwa wetu," alimwambia. "Njoo Alhamisi." Akaenda. Kwa watu wale aliwajua madada wa Invercargill walioimba ndani ya banda la kukatia kondoo manyoya, na mzee wa Nouméa aliyepiga gitaa lenye nyuzi nne kwa sababu mbili zilikatika na hakupata nyingine. Nyumba yake ilikuwa imepoa kama kaburi, na muziki ule ukaipasha moto. Aliwapenda wale watu. Na alikipenda kiti chake.

Balaa lilikuwa sheria ya Royce: kilichosikika gerejini hakitoki gerejini. Kwa hoja yake, bendi ikishajulikana huharibika, huanza kuimbia umati, na wenye masikio hubaki yatima. Merrin alidhani ni masihara ya wanachama, mpaka alipoona jamaa mmoja akifukuzwa kwa kupeleka wimbo redioni. Tangu siku hiyo alifunga mdomo. Mtu aliyekwisha kuachwa mara moja huogopa kuachwa tena, hata na watu wa gerejini.

Sasa sikia. Bendi ya Njiti Mbichi aliileta Merrin mwenyewe. Aliiokota albamu yao kwenye meza ya mnada wa kanisa, akaifunga taulo, akaiweka. Sindano iliponyanyuka hakuna aliyebisha, na Royce alifuta miwani mara mbili. Ndipo taulo likafunguliwa wakaona kwamba bendi ni ya hapo hapo, ng'ambo ya mto: wanawake wawili na mpiga ngoma. Miaka miwili iliyofuata wote sita waliimeza albamu ile neno kwa neno, na hakuna hata mmoja aliyekwenda baa kuwaona wakipiga muziki. "Ukienda unawaita wengine," Royce alisema. "Watu hufuata foleni."

Mwimbaji wao, Jaslyn Burgoyne, alifika duka la dawa kila mwezi kuchukua vidonge vya mama yake. Kila mwezi Merrin alimpa, akamwambia baridi imezidi, wala hakugusia albamu. Mpaka Jumanne moja Jaslyn alipokuja na bango.

"Naomba nibandike hapo dirishani," alisema. "Jumamosi. Onyesho la mwisho."

"La mwisho mwaka huu?"

"La mwisho, basi."

Merrin alishika kaunta. Sheria ya Royce ilimkwama kooni kama mfupa wa samaki, akaitema. "Usiache. Nina albamu yenu. Upande wa pili umeniliza mpaka nimechoka."

Jaslyn alimtazama kwa shaka. "Dada, usinitanie. Leo sina nguvu za utani."

"Sikutanii."

"Basi wewe ndiye wa kwanza. Tuliuza chache sokoni, halafu akatokea mtu akalipia boksi zima lililobaki, kwa njia ya posta, bila jina. Tulicheka na kulia. Tukasema mambo ndiyo hayo yameiva. Tukakaa kungoja simu." Alilainisha bango kwenye kioo kwa kiganja. "Nadhani ni mjomba wangu wa Burnie alituonea huruma. Jumamosi wakija wale wale wawili na mbwa wa mwenye baa, nauza gitaa, nahamia Rosebery kufanya kazi mgodini."

Alipoondoka Merrin alisimama pale pale, na mzee aliyengoja dawa ya miguu ikabidi akohoe ili ahudumiwe.

Alhamisi alikwenda gerejini na neno moja tu: twendeni wote Jumamosi. Hakupata nafasi ya kulisema. Royce alimtuma kuni nyuma ya gari bovu, naye, katika kupapasa gizani, akavuta shuka lisilokuwa la kuni. Chini yake lilikuwa boksi. Ndani ya boksi, santuri, jalada lile lile la mkono wa mwanamke ulioshika njiti mvuani, zote bado zina nailoni ya kiwandani.

Alirudi na moja mkononi. Wimbo wa mtu mwingine ulikuwa ukiendelea. Merrin akanyanyua sindano katikati ya wimbo, jambo ambalo halijapata kutokea katika gereji ile, na watu watano wakamtazama kama kwamba kampiga mtoto kofi.

"Hizi ni nini, Royce?"

"Rudisha ulipozitoa."

"Nimekuuliza ni nini."

"Ni akiba. Niliwasaidia wale mabinti, nikanunua boksi zima. Kuna ubaya gani?"

"Ulinunua ili nani asikilize?"

"Ili zisianguke kwa wasiojua thamani yake. Tulia, Merrin. Chema chajiuza."

"Chajiuzaje na wewe umekifunika shuka?" Sauti yake ilipanda mpaka ikamshangaza mwenyewe. "Mwenzio alikaa miaka miwili anangoja simu. Anadhani mjomba wake ndiye aliyenunua kwa huruma. Anauza gitaa, Royce. Kwa sababu yako."

"Umeongea naye?" Royce alisimama. "Umetoa mambo yetu nje?"

Basi, ona mtu huyu. Bendi inakufa, yeye anauliza nani katoa siri. Merrin aliona weusi mbele ya macho. Hakuwa na hasira hivi hata siku alipokuta sebule haina sofa. Mume wake aliondoka na vilivyokuwa vyao wawili; huyu alikaa juu ya mali ya mji mzima, akaiita mapenzi.

"Mficha uchi hazai," alimwambia. "Na wewe umewaficha wenzako mpaka wamekauka."

"Hasira hasara," mmoja akanong'ona.

"Hasara ninyi mmekwisha kuitia. Tuan, shika upande ule."

Tuan alimtazama Royce, akatazama viatu vyake, kisha akainuka akashika boksi.

"Ukitoka nalo, usirudi," Royce alisema. "Kiti chako kina watu wanakitaka."

"Wape. Na uwaambie kina springi inayochoma matako."

Ijumaa yote, kila aliyekuja kununua dawa alitoka na santuri. "Hii mara mbili kwa siku, baada ya chakula," Merrin aliwaambia, "na kesho usiku uende baa ya ng'ambo ya mto." Wasio na cha kuipigia walipewa pia, wakaulize majirani. Tuan aligawa nyingine katika njia yake ya barua. Hasira ilimpa Merrin miguu ambayo furaha haikuwahi kumpa.

Na walikuja. Mzee wa miguu alikuja, na mama wa mapacha akaja na mapacha wenyewe, na watu wa timu ya mpira wakiwa bado na matope. Mwenye baa alizima televisheni katikati ya mechi na hakuna aliyelalamika sana. Kundi la gereji nalo lilikuja, siri ikiwa imekwisha kuvuja, Royce kifua mbele na skafu shingoni, akasimama karibu kabisa na jukwaa kama baba wa harusi. Merrin alibaki mlangoni na santuri ya mwisho kwapani.

Jaslyn alipopanda na kuona vichwa vile alisita, akamtazama mpiga ngoma, akaanza. Aliimba vizuri kuliko kwenye albamu. Watu waliacha bia zao. Merrin alihisi kifua kikifunguka, akajiambia kwamba tumewahi, tumewahi.

Kisha Jaslyn akasema, "Huu hatujawahi kuupiga mbele ya watu. Leo acha tuupige." Ulikuwa wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Alipofika ubeti wa kwanza, sauti zikaungana naye kutoka chini ya jukwaa. Royce na wenzake walikuwa wamefumba macho, wanaimba kila neno, na mahali pale ambapo katika santuri Jaslyn huvuta pumzi kidogo kabla ya kumalizia, nao wakavuta.

Mkono wa Jaslyn ukaacha nyuzi.

"Mmeujulia wapi huu?"

"Kwenye santuri," Tuan alijibu, akitabasamu kwa aibu.

"Tangu lini?"

Ikabidi Tuan aseme tena. "Mwaka wa pili huu."

"Mnaishi wapi ninyi?"

"Hapa hapa. Launceston."

"Hapa hapa," Jaslyn alirudia. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nani alinunua boksi?"

Royce akainua mkono. Aliuinua wote, juu, na alikuwa anacheka kwa furaha, mtu anayengoja kushukuriwa.

Jaslyn akainama, akachomoa waya wa gitaa, na spika zikapiga kishindo kilichowafanya mapacha walie. "Gitaa niliuza jana, sikuweza hata kuingoja leo," alisema, bila maikrofoni sasa, lakini baa nzima ilimsikia. "Aliyelinunua anakuja kulichukua usiku huu. Tulipiga hapa kila mwezi, watu wangu. Kila mwezi. Nilikuwa namwimbia mbwa."

Alishuka, akapita katikati yao, nao wakampisha. Mlangoni alisimama mbele ya Merrin, ambaye alikuwa ameandaa maneno: kuhusu boksi, kuhusu Royce, kuhusu jinsi alivyopigana.

"Na wewe," Jaslyn alisema polepole. "Wewe kila mwezi ulikuwa unanipa dawa za mama, ukiniambia baridi imezidi."

Akamchukulia ile santuri kwapani akatoka nayo.