Sauti ya Kati

Kwa miaka kumi na minne Otha Pettway aliimba sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia.

Ndiyo kazi ya sauti ya kati, haina shukrani. Katika kundi lao la waimbaji wanne, Cortez alikuwa kiongozi, aliyepigiwa kelele na wasichana. Willis alipanda juu mpaka watu wakashika vichwa, na Hosea kwa besi yake alitetemesha glasi mezani. Otha alijaza pengo. Walisimama bega kwa bega mbele ya maikrofoni moja, kama walivyojifunza utotoni katika jiko la mama yake Otha, mtaa wa Linwood, Detroit. Sauti zao zikishikana vizuri, juu ya vichwa vyao ililia sauti ya tano isiyo ya mtu. Hapo Earline, mkewe Otha, kila mara aliacha alichokuwa anafanya akasema, "Hiyo hapo."

Kisha mwaka 1972 wakahamia kampuni kubwa ya muziki ya Los Angeles. Siku ya kwanza walikuta studioni vijumba vinne vya kioo, kila mtu na chake.

"Sasa tutasikianaje?" Otha aliuliza.

"Hamna haja, mzee," alisema Dexter, mtayarishaji wao mpya, kijana mpole kupita kiasi. "Kila mtu avae hedifoni, afuate piano. Mimi nitawaunganisha."

Wenzake waliimba, wakamaliza, wakakaa na Dexter kumsikiliza Otha. Akaimba peke yake. Alipotoka, Hosea, ambaye hucheka hata msibani, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mzee, sauti yako iko chini ya piano," Dexter alisema, akaurudisha nyuma utepe wa kurekodia ili asikie.

Kweli alikuwa chini. Kidogo sana, lakini noti ileile, kila mara. Otha aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Hakujua, maskini, kwamba miaka yote hiyo hakuwa akiimba noti ya piano hata siku moja. Alikuwa akiegemea sauti za wenzake, akishuka kidogo kidogo mpaka ile ya tano ilie, na hapo ndipo alipokaa.

"Nikiwa nao siko chini," alisema.

"Ukiwa nao husikiki, mzee."

Cortez akaingia kijumbani akaimba sehemu ya Otha kwa dakika ishirini, imenyooka kama rula. Kwenye jalada la santuri waliweka picha ya wote wanne, Otha akitabasamu. Redio zikaupiga wimbo wiki mbili, zikauacha. Wa pili nao ukafuata njia hiyohiyo. Watu walisema hawa jamaa wamepoa, hawakujua kwa nini.

Mwaka ulipokwisha, Dexter akapiga simu Detroit. "Nimebakiwa na siku moja ya studio, kisha kampuni inawaacha. Njooni Jumatatu muimbe mnavyojua wenyewe. Maiki moja."

Jamani, walivyofurahi! Jumamosi mchana walikuwa jikoni kwa Otha, bega kwa bega. Earline alikuwa mezani akimenya viazi vitamu.

Waliimba. Noti zote zilikuwa sawa, na juu ya vichwa vyao palikuwa kimya.

"Tena," alisema Cortez.

Wakarudia. Kimya.

"Otha, kaka, legea," alisema Willis. "Shuka kidogo, kama zamani."

Otha alishuka, akazidisha. Akapanda, akajikuta palepale kwenye piano. Kuna jambo hakuwaambia. Mwaka mzima, kila alasiri, alikuwa akienda kanisani peke yake, anabonyeza ile noti moja kwenye piano na kuiimba, anabonyeza na kuiimba, ili asiaibike tena mbele ya mtu. Alijitibu, na akapona kabisa. Sasa kila alipofungua mdomo alijisikia mwenyewe, na akijisikia mwenyewe hakuwasikia wenzake.

"Mzee umekuwa piano kamili," Hosea alitania. "Tukuwekee miguu mitatu?"

Hakuna aliyecheka, hata Hosea mwenyewe.

Walijaribu mpaka koo la Willis likakauka. Otha alifumba macho, akaitafuta ile sehemu yake kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba aliyozaliwa, naye haioni. Alitaka kulia. Alimaliza noti ya mwisho, safi, bila kosa.

"Nzuri hiyo," alisema Cortez, akachukua kofia yake bila kumtazama mtu. "Tutaonana Jumatatu."

Otha alimgeukia mkewe. Alikuwa amemwoa mwanamke asiyejua kumdanganya, na alitaka kusikia neno lake.

Earline aliona uso wake.

"Hiyo hapo," alisema, na kisu chake kiliendelea kumenya.